Saumu Uwanjani: Habari za Hakeem Olajuwon

Twasikia mara kwa mara vijana wakisema kuwa kazi nzito na saumu haziwezi kukaa pamoja. Mchukuzi wa mizigo hutoa udhuru wake, na karani aketiye kivulini naye hutoa wake. Kwa hiyo tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu habari za mtu ambaye riziki yake ilitokana na kukimbia na kuruka mbele ya maelfu ya watazamaji, naye ni Bwana Hakeem Olajuwon, mcheza mpira wa kikapu.

Bwana Hakeem alizaliwa Lagos, Nigeria, tarehe 21 Januari, 1963, katika nyumba ya Waislamu wa kabila la Wayoruba. Wazazi wake walifanya biashara ya saruji. Utotoni alicheza mpira wa mikono, na katika kandanda alikuwa mlinda lango; mpira wa kikapu hakuushika ila alipokuwa kijana mkubwa. Lakini wepesi wa miguu alioupata langoni haukupotea bure, bali ndio uliomfanya baadaye awashangaze wapinzani wake. Mwaka 1980 alikwenda Marekani kusoma katika Chuo Kikuu cha Houston, na mwaka 1984 timu ya Houston Rockets ikamchagua wa kwanza miongoni mwa wachezaji wapya wote, mbele ya Michael Jordan aliyechaguliwa wa tatu.

Mali na sifa zikamjia angali kijana. Twajua ni wangapi wamepotelewa na dini yao katika hali kama hiyo. Yeye alizidi kuishika. Mwaka 1991 alirekebisha maandishi ya jina lake, Akeem likawa Hakeem, kama lilivyo katika asili yake ya Kiarabu. Mwaka 1994 timu yake ilitwaa ubingwa, naye katika msimu huo mmoja akapewa heshima tatu: mchezaji bora, mlinzi bora, na mchezaji bora wa fainali. Hakuna aliyewahi kuzikusanya zote tatu kwa msimu mmoja kabla yake.

Mwezi wa Ramadhani wa mwaka 1995 uliingia mwanzoni mwa Februari, katikati ya msimu. Bwana Hakeem alifunga. Michezo mingi ilikuwa ya usiku, lakini ulipoangukia mchana alicheza bila kutia tone la maji kinywani. Mwezi huo huo wa Februari alitangazwa kuwa mchezaji bora wa mwezi! Na msimu ulipokwisha, timu yake ikatwaa ubingwa mara ya pili.

Hatusemi kwamba kila afungaye atapata kikombe. Wala hatusahau kuwa Sharia imempa msafiri ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na mwenye kuishika ruhusa hiyo hana lawama. Tusemalo ni hili: udhuru wa kwamba saumu huharibu kazi umepata jibu, tena uwanjani, mbele ya macho ya watu.

Wala dini yake haikuishia katika saumu. Viatu vya michezo vilivyobeba jina lake viliuzwa kwa bei nafuu, ili wazazi maskini waweze kuwanunulia watoto wao. Katika biashara yake ya majumba na ardhi alijiepusha na riba, akinunua kwa fedha taslimu. Na jengo la kale la benki mjini Houston likawa, kwa juhudi yake, kituo cha kuutangaza Uislamu.

Aliacha kucheza mwaka 2002, akiwa na hesabu ya mipira 3,830 aliyoizuia isiingie kikapuni, ambayo hakuna aliyeifikia katika ligi hiyo.

Enyi vijana wetu, si kila mmoja wenu aliyejaliwa kimo cha karibu futi 7. Lakini nia haipimwi kwa futi. Mwenyezi Mungu atujalie sote kuzitimiza faradhi zake pamoja na kazi zetu. Amin.