Land Rover na Peugeot 404: Lipi la Kuhifadhiwa?

Magari mawili ya Ulaya yalizoeleka sana katika barabara za Iringa na Mbeya kabla ya barabara kuu ya lami kukamilika katika miaka ya 1970: Land Rover ya Uingereza na Peugeot 404 ya Ufaransa. La kwanza lilionyeshwa hadharani Amsterdam mwaka 1948. La pili, ambalo umbo lake lilibuniwa na Pininfarina wa Italia, lilitoka mwaka 1960, nalo likashinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Leo yote mawili hutafutwa na wakusanyaji wa magari ya kale, hasa yale yenye paa la turubai. Je, mwenye fedha za kufufua moja tu achague lipi? Jibu limo katika muundo wa gari, wala si katika mng'ao wa rangi.

Land Rover husimama juu ya fremu ya chuma yenye umbo la ngazi. Fremu hiyo ndiyo ibebayo mzigo wote. Bodi imefungwa juu yake tu. Kwa hiyo paa la bati laweza kuondolewa na kuwekwa turubai pasipo gari kudhoofika. Peugeot 404 haina fremu ya namna hiyo. Sakafu, mbavu na paa vimeunganishwa kuwa kitu kimoja, mithili ya ganda la yai. Paa likikatwa, ganda hupoteza nguvu, sakafu hupinda, na milango hukataa kufunga. Ile 404 ya turubai iliyotoka kiwandani, ambayo ilitengenezwa kwa idadi ndogo, iliimarishwa kwa chini.

Tofauti ya pili ni kutu. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa adimu Uingereza, hivyo bodi ya Land Rover ilitengenezwa kwa aloi ya alumini, isiyoshika kutu. Lakini fremu ni chuma, nayo huweza kuoza huku bodi ikimeremeta. Zaidi ya hayo, alumini ikigusana na chuma penye unyevu, umeme mdogo hupita kati yake, na alumini ndiyo huliwa, ikawa unga mweupe. Kinga yake ni kutenganisha metali hizo kwa rangi au mpira. Katika Peugeot, kutu huanzia chini ya milango, yaani mahali penyewe panapobeba gari.

Tatu ni mwinuko. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi cha asilimia 15. Injini ya kabureta yenye nguvu za farasi 70 Dar es Salaam hubaki na takriban 60. Petroli nayo huzidi hewa, moshi ukawa mweusi na plagi zikajaa masizi. Fundi huweza kupunguza kitundu kipitishacho petroli. Lakini gari hilo likiteremka pwani bila kurekebishwa, petroli haitatosha, injini itapata joto kupita kiasi na vali zitaungua.

Basi uchaguzi hutegemea mahali. Tukuyu, ambako mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, Land Rover yenye fremu nzima hustahimili zaidi. Iringa, penye ukavu mwingi zaidi, Peugeot huweza kudumu ikiwekwa bandani. Kwa yote mawili, mnunuzi na aingie uvunguni kwanza, agonge chuma kwa nyundo ndogo na kusikiliza: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Rangi hununuliwa dukani. Fremu iliyooza hula fedha za mwenyewe hadi zikaisha.