Je, Wajua? Shingo na Mabega ya Watu wa Kazi wa Mtoni

Je, wajua kuwa twiga, mnyama wetu wa taifa, ana mifupa saba tu ya shingo, sawa kabisa na yako? Karibu mamalia wote wako hivyo, kuanzia panya hadi nyangumi. Kinachotofautiana ni urefu: pingili moja ya shingo ya twiga huweza kupita sentimita 25. Huku kwetu Mtoni, Temeke, picha ya twiga hupita kila siku juu ya mabega ya vijana, imechapwa kwenye mifuko ya saruji inayotoka Wazo Hill. Mfuko mmoja ni kilo 50. Kijana anaupokea kutoka kwenye lori, anauweka begani, anautua dukani na kurudi kufuata mwingine, mpaka mzigo wa lori uishe.

Hata asiyebeba mfuko anabeba kichwa chake. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5 hivi, na kikikaa wima shingo hailalamiki. Mwaka 2014 Kenneth Hansraj, daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo huko New York, alipiga hesabu kwa kompyuta kuona mzigo unavyozidi mtu anapoinama. Kichwa kikiinama nyuzi 15, shingo inahisi kilo 12. Nyuzi 30 ni kilo 18, nyuzi 45 ni kilo 22, na nyuzi 60 ni kilo 27. Dunia ilizichukua takwimu hizo ikawakemea watu wa simu. Mimi huwafikiria zaidi mafundi cherehani wa Mtongani na Tandika, hasa Desemba na Januari wanapokesha na sare za shule. Huwafikiria wasusi, ambao juu ya kuinama hushikilia mikono hewani saa nyingi, na mama lishe anayesukuma chapati alfajiri juu ya meza fupi isiyolingana na kimo chake. Simu mtu anaweza kuiweka chini. Cherehani ndiyo ada ya mtoto.

Maumivu hayo yana njia yake. Kuna msuli mpana uitwao trapezi, unaoanzia kisogoni, ukatanda mabegani na kushuka hadi katikati ya mgongo. Msuli unaofanya kazi kwa kukaza na kulegea husukuma damu. Unaokaza bila kulegea huibana mishipa yake yenyewe, hewa safi ikapungua, uchafu wa kazi ukabaki humo humo, na ndipo bega linakuwa gumu kama ubao. Ndiyo maana mtu aliyeketi siku nzima anaweza kulala na maumivu makali kuliko aliyekuwa akitembea.

Je, wajua kuwa dakika mbili kwa siku zinaweza kusaidia? Mwaka 2011 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa wafanyakazi 198 wa ofisini waliokuwa wakiumwa shingo na mabega. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kuvuta mpira kwa dakika 2 kila siku ya kazi, jingine dakika 12, na la tatu halikufanya. Baada ya wiki 10, makundi mawili yaliyofanya mazoezi yalipata nafuu, tena karibu sawa. Mpira wenyewe si kitu cha duka la kifahari. Ukanda wa tyubu ya baiskeli, ule ule wa kufungia mzigo, unatosha: ukanyage katikati, shika ncha mbili, nyanyua mikono pembeni taratibu hadi usawa wa mabega, kisha ishushe taratibu vile vile. Fundi cherehani anaweza kufanya hivyo kando ya mashine yake. Kuli hahitaji mzigo mwingine wa kuinua. Huyo anahitaji kupumzika katikati ya zamu, na hilo halimo mikononi mwake peke yake.

Wengi hapa huanzia kwenye duka la dawa. Diclofenac hutuliza kweli, lakini ikimezwa wiki baada ya wiki bila ushauri inaweza kuchimba vidonda vya tumbo na kuumiza figo, hasa kwa mtu anayeshinda juani bila kunywa maji ya kutosha. Wengine huenda kuumikwa, tiba ya zamani ya pwani ambayo siku hizi inatangazwa zaidi kwa jina la hijama. Wapo wanaopata nafuu ya muda mfupi, ingawa ushahidi wa kisayansi bado ni dhaifu. Ukienda, hakikisha wembe ni mpya na unafunguliwa mbele ya macho yako. Kukandwa kwa maji ya moto hakuna gharama kubwa wala hatari, ilimradi maji yasiunguze.

Lakini si kila bega linalouma lina ugonjwa wa bega. Mshipa wa fahamu unaoendesha kiwambo, ule msuli wa kuvutia pumzi, unatokea shingoni, sehemu moja na mishipa ya fahamu ya begani. Kwa sababu hiyo, tatizo la nyongo tumboni linaweza kusikika kwenye bega la kulia. Mwanamke ambaye mimba imetunga nje ya kizazi ikapasuka anaweza kuhisi maumivu kwenye ncha ya bega wakati damu inavujia tumboni. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Maumivu ya bega la kushoto, shingo au taya yanayokuja na kubanwa kifua na jasho jembamba yanaweza kuwa ya moyo. Shingo iliyokakamaa pamoja na homa na maumivu makali ya kichwa inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Wenye kisukari nao hupata bega lililoganda mara nyingi kuliko watu wengine. Na kifua kikuu hakikai kifuani tu: Percivall Pott wa London alieleza mwaka 1779 jinsi uti wa mgongo unavyoharibika na watu wakapooza, na baadaye ikajulikana kuwa chanzo ni kifua kikuu. Tanzania bado ina wagonjwa wengi wa kifua kikuu, na dawa zake hutolewa bure. Maumivu ya uti yanayoambatana na kukonda na jasho la usiku, au mikono na miguu kufa ganzi na kukosa nguvu, yapelekwe Hospitali ya Temeke. Yasikandwe nyumbani.

Mtoni ina mtambo wa maji unaotegemea Mto Kizinga, na bado zipo nyumba ambazo maji yake hufika kwa ndoo kichwani. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 na ushee. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika Kenya kwa wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikikuyu, wanaobeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Ilionekana kwamba waliozoea tangu utotoni huweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu ya ziada inayopimika. Ni ustadi mkubwa, na tuwape heshima yao. Ila fanya hesabu: mama wa kilo 60 anafikia mpaka huo kwenye kilo 12, na ndoo imekwisha kuuvuka. Utafiti wa mwaka 2010 kwa wanawake wa Kixhosa Afrika Kusini haukuona nafuu hiyo kwa wote, na kilichowashinda mapema kwenye kubeba kichwani kilikuwa maumivu ya shingo. Huko Bangladesh, kuanguka na mzigo mzito kichwani kumetajwa na madaktari miongoni mwa sababu kubwa za watu kuvunjika uti na kupooza. Ngata nzuri hulinda utosi. Pingili saba zilizo chini yake hazina ngata.

Wapagazi wa karne ya 19, wengi wao Wanyamwezi, walitembea kati ya Tabora na Bagamoyo, kama kilomita 800, na mzigo wa mtu mmoja kwa kawaida ulikuwa kilo 30 hivi. Mpagazi aliyezidiwa hafiki. Sasa nenda Soko la Temeke Stereo magari ya mazao yanaposhushwa. Wakala wa Vipimo husisitiza kwamba gunia la mazao lisizidi kilo 100, na bado lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, inaingia mjini, imeshonewa kilemba juu. Serikali inapoipiga vita lumbesa, hoja inayosikika zaidi ni ya mkulima anayepunjwa. Ni hoja ya haki. Ila chini ya gunia lile yupo mtu mwingine ambaye hatajwi.

Tena hata kilo 100 halali ni nyingi mno kwa shingo ya mtu mmoja. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilisema mzigo unaobebwa na mwanamume mmoja mzima ukizidi kilo 55, hatua zichukuliwe haraka kuushusha hadi hapo. Kipimo chetu cha gunia kiliwekwa kwa ajili ya biashara, na kinakaribia mara mbili ya hicho.

Akiumia, nani anamlipa? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi Tanzania Bara Julai 2015, na huwalipa walioumia au kuugua kutokana na kazi. Mchango hutolewa na mwajiri. Kuli anayelipwa kwa gunia, shughuli ikaisha lori likiondoka, hana mwajiri wa kumchangia, wala mama lishe, wala msusi. Bega lao likigoma, kipato kinakatika siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo ombi langu kwa wafanyabiashara wa Stereo, Tandika na Mbagala ni hili: agizeni mazao kwenye magunia ya kilo 50. Saruji inauzwa hivyo, sukari inauzwa hivyo, na hakuna aliyefilisika kwa sababu hiyo. Na wewe unayejenga au kuhamisha vitu, lipia mkokoteni au guta, na mahali ambapo mzigo lazima unyanyuliwe kwa mikono, walipe watu wawili.