Yai la Mbuni na Hewa ya Tanga

Yai la mbuni lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na mtu mzima anaweza kusimama juu yake lisivunjike. Kinachomsumbua mfugaji wa pwani ni vitundu vidogo mno vilivyotapakaa kwenye ganda hilo gumu.

Katika siku 42 za kuatamiwa, yai linatakiwa lipoteze kupitia vitundu hivyo asilimia 13 hadi 15 ya uzito wake. Ni maji ya kujaza gilasi. Nafasi yanayoiacha hujaa hewa, nayo ndiyo hewa ya kwanza kifaranga kuivuta kabla hajatoboa ganda. Maji yasipotoka, kifaranga huvimba, hushindwa kugeuka, na mara nyingi hufia humo humo.

Sasa chukua hewa ya Pangani siku yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75. Ipashe moto ndani ya mashine ya kutotolea hadi nyuzi 36: bado itabaki na unyevu unaozidi asilimia 50, ilhali yai la mbuni linataka karibu 25 tu. Anayeweka sinia la maji kama alivyozoea kwa mayai ya kuku anazidi kuliharibu. Chumba cha mashine lazima kikaushwe kwa kiyoyozi, na mayai yapimwe kwenye mizani kila wiki: yai la gramu 1,400 likifika siku ya 21 liwe limepungua gramu mia moja hivi.

Mbuni wa porini walishachagua makao yao. Mkoa wa Tanga unao, lakini wako Mkomazi, nyuma ya milima ya Usambara na Pare, ambako mvua ya bahari hufika kwa shida. Huko jike wa rangi ya kijivu huatamia mchana, na dume mweusi hupokea zamu usiku. Hata Kenya, shamba la mbuni linalojulikana zaidi liko Kitengela, kwenye ukavu wa Kajiado.

Akishakua, ndege huyu ana faida kubwa. Utumbo wake mpana ni mrefu ajabu na umejaa bakteria wanaochachusha nyuzinyuzi, hivyo hula majani ambayo kuku hawezi kuyatumia. Huchinjwa akiwa na miezi 10 hadi 14. Nyama yake ni nyekundu kama ya ng'ombe, yenye mafuta kidogo. Lakini kwa sababu ya unyevu wa pwani, mayai yangefaa kutotolewa tambarare kavu za Mnazi na Lunguza, wilayani Lushoto, kuliko ufukweni.

Emu, binamu yake wa Australia, ana funzo jingine. Miaka ya 1990 wafugaji wa Texas waliuziana emu wa mbegu kwa bei kubwa huku walaji wa nyama wakiwa wachache. Bei ilipoanguka, baadhi waliwafungulia ndege waende zao. Anayetaka kuanza Tanga aulizie kwanza machinjio na hoteli zitakazonunua, kisha aombe kibali: mbuni ni mnyamapori kisheria, na kuokota mayai yake porini bila kibali ni kosa.