Damu Haiuzwi Koponi

Mwezi uliopita niliandamana na mwalimu mwenzangu hadi duka moja mjini Ukunda. Bintiye, mwanafunzi wa sekondari, alikuwa akisinzia darasani na kutweta kila apandapo ngazi. Kwenye zahanati waliambiwa kwamba damu yake ni kidogo. Jirani akamshauri mwenzangu anunue unga wa majani machanga ya ngano. Kopo lilikuwa dogo kama kikombe cha chai, na bei yake ingeilisha nyumba kwa juma zima.

Majani hayo si uongo. Ngano ikikatwa kabla ya kutoa mashuke huwa na vitamini kadhaa, madini ya chuma na magnesiamu, na nchini Marekani imekaushwa na kuuzwa hivyo tangu miaka ya 1930. Kilichotiwa chumvi ni dai la kwamba klorofili, ile rangi yake ya kijani, hugeuka damu mwilini. Ni kweli kwamba maumbile ya vitu hivi viwili yanakaribiana. Lakini kiini cha klorofili ni magnesiamu, na cha rangi ya damu ni chuma. Mwili haugeuzi kimoja kuwa kingine. Isitoshe, msichana wa miaka 14 hadi 18 huhitaji takribani miligramu 15 za chuma kwa siku. Kijiko cha unga kina uzito wa gramu chache tu; hicho chuma chote kitoke wapi?

Nje ya duka bibi mmoja alikuwa ametandaza mchunga, mnavu, kisamvu na matembele. Mboga hizi nazo zina klorofili na madini, tena huliwa kwa sahani, si kwa kijiko. Sisi walimu tumechangia kuzidharau, kwani ni nani kati yetu huzitaja darasani ila kama chakula cha maskini? Ilhali mapishi ya bibi zetu yana elimu ndani yake. Mafuta yaliyomo katika tui la nazi huusaidia mwili kupokea vitamini A ya mboga. Ndimu huusaidia kupokea chuma, na chai inywewayo pamoja na mlo hukizuia. Kisamvu nacho hutwangwa na kuchemshwa sana kwa sababu kibichi kina sumu.

Hata hivyo, mchunga nao tusiufanye muujiza. Katika pwani hii ya kusini damu hupotea kwa malaria, kichocho na safura. Utafiti wa TUMIKIA, uliofanywa Kwale kati ya 2015 na 2017, ulionyesha kuwa kuwapa watu wote wa kijiji dawa za minyoo hupunguza safura kuliko kuwapa watoto wa shule peke yao. Minyoo hiyo hunyonya damu utumboni, na anayeilisha hawezi kushiba chuma.

Mwenzangu alilirudisha kopo. Alinunua mafungu mawili ya mchunga, na Jumatatu akampeleka bintiye hospitalini kupimwa choo. Mayai ya safura yakaonekana.