Pembe ya Pinioni: Somo kwa Wenye Magari ya Karafuu



Karafuu hazioti visiwani peke yake. Huko bara, katika Mkoa wa Morogoro, ipo mikarafuu kwenye mitelemko ya Milima ya Uluguru, sehemu za Matombo, Mkuyuni na Kinole. Mji wa Morogoro uko kiasi cha mita 500 juu ya bahari, na kilele cha Kimhandu kinapita mita 2,600. Kwa hiyo gari la mkulima wa huko hupanda na kushuka na magunia karibu safari nzima, na ubovu ambao kwenye tambarare ni kelele tu, mlimani huwa hatari. Sisi nasi tunavyo vilima vya Pemba, na magari yetu ni yale yale: Land Rover za zamani na pikapu zenye springi za vyuma bapa kwa nyuma. Basi somo hili latuhusu.

Nguvu ya injini hutoka kwenye giaboksi, hupita katika shafti ndefu chini ya gari, ikaingia katika difu kwa gia ndogo iitwayo pinioni. Shafti hiyo ina maungio mawili yenye umbo la msalaba, ambayo mafundi huyaita krosi. Krosi huruhusu shafti kuzunguka hali imepinda, lakini hutoza ushuru wake. Ikipinda digrii 10, upande wa pili hauzunguki sawasawa: kila mzunguko mmoja huharakisha mara mbili na kupunguza mwendo mara mbili, kati ya asilimia 98.5 na 101.5 ya mwendo wa upande wa kwanza. Ikipinda digrii 20, huwa kati ya 94 na 106.

Dawa yake ni krosi ya pili. Pembe zote mbili zikiwa sawa, na uma za shafti zikikaa mstari mmoja, kosa la ya kwanza hufutwa na ya pili. Kwa maneno mengine, mti wa giaboksi na mti wa pinioni sharti viwe sambamba. Pembe zikitofautiana, shafti hutetemeka, na krosi huliwa upesi.

Tofauti hiyo huletwa na nini? Kuongeza vyuma vya springi peke yake huzidisha pembe zote mbili kwa pamoja. Lakini ukirefusha vile vyuma vifupi vinavyoning'iniza ncha ya nyuma ya springi ili gari liinuke, ekseli huzunguka na pua ya difu huinuka. Mpira wa giaboksi uliochoka, au kabari iliyowekwa kinyume, huleta kosa la namna hiyo hiyo.

Dalili ni mtetemo katika mwendo fulani, unaobadilika ukiondoa mguu kwenye mafuta, na vumbi jekundu la kutu penye vikombe vya krosi. Usidharau. Gari linaposhuka kwa gia nzito, injini hulizuia kwa kupitia shafti hiyo hiyo. Ikikatika, injini haizuii tena magurudumu ya nyuma. Na katika Land Rover za zamani breki ya mkono hushika nyuma ya giaboksi, si kwenye magurudumu. Kwa hiyo nayo hupotea pamoja na shafti. Hubaki breki ya mguu tu, na mzigo unasukuma.

Kupima si kazi ngumu. Simamisha gari mahali palipo sawa, uzito wake ukiwa juu ya magurudumu na si juu ya jeki. Ziba magurudumu kwa magogo kwanza, maana shafti ikifunguliwa breki ya mkono ya gari la namna ile haishiki kitu. Tia alama kwenye shafti ili irudi ilivyokuwa, kisha ifungue. Chukua kipimapembe cha shule, ufunge katikati yake uzi wenye kitu kizito kama timazi. Weka ubavu wake ulionyooka juu ya uso wa bamba la giaboksi, usome. Kisha juu ya bamba la difu. Nyuso mbili hizo ziegemee upande mmoja kwa digrii zile zile. Kwa gari la springi, pua ya difu iachwe chini kwa digrii 1 au 2, kwani gari likivuta mzigo, ekseli hujipinda na pua huinuka.

Kurekebisha ni kwa kabari baina ya springi na ekseli. Springi ikiwa juu ya ekseli, upande mnene wa kabari ukielekea nyuma, pua huinuka. Ukielekea mbele, huinama. Springi ikiwa chini ya ekseli, ni kinyume. Tumia kabari ya chuma, si ya alumini, ambayo hupasuka chini ya mzigo. Hakikisha kichwa cha bolti ya katikati kimeingia tunduni mwake, na bolti zenye umbo la U zikazwe tena baada ya safari za kwanza.

Wako wanaouziwa mkono wa kuzuia ekseli isijipinde. Huo ni chuma kirefu kilichofungwa kwenye ekseli, na ncha yake ya mbele hufika karibu na giaboksi. Chevrolet Camaro za Marekani za mwaka 1982 hadi 2002 zilikuwa nao. Unafaa kwa gari lenye springi laini na injini yenye nguvu. Lakini ncha ya mbele lazima iwe na nafasi ya kucheza kwa mpira, kwa sababu ekseli hupanda na kushuka. Ikikazwa kabisa, hung'oa vishikio vyake. Funga mkono kwanza, ndipo upange pembe, maana mkono wenyewe huigeuza. Mwenye springi nzima na nene, fedha yake ni afadhali ainunulie krosi mpya.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Pima kabla ya mavuno, si baada ya gari kukwama mlimani na karafuu zikinyeshewa.