Mpunga wa majaruba: Soma jina lililo kwenye mfuko wa mbolea

MKULIMA wa mpunga wa Mofu, bonde la Kilombero, anayechagua mbolea ya kukuzia kati ya SA na CAN asiishie kwenye bei.

SA ni amoniamu salfeti, kikemia (NH₄)₂SO₄. Salfeti ina chaji hasi mbili na amoniamu chaji chanya moja, ndiyo maana amoniamu huwekwa mbili ili zilingane. Mfuko wa kilo 50 una naitrojeni kilo 10.5 hivi, pamoja na salfa.

CAN ni amoniamu naitreti, NH₄NO₃, iliyochanganywa na chokaa. Hapa chaji ni moja kwa moja. Mfuko wake una naitrojeni kama kilo 13, na kwa hesabu ya dukani huonekana umeishinda SA. Tatizo ni kwamba nusu ya naitrojeni hiyo imo kwenye naitreti. Jaruba likituamisha maji, vijidudu vya udongo huigeuza kuwa gesi ikapotea hewani, na nyingine huzama na maji. Amoniamu hushikwa na udongo. (Kwenye mahindi ya nchi kavu, CAN haina ubaya.)

Urea, yenye kilo 23 kwa mfuko, haina chaji hizo. Hugeuka amoniamu ikishafika udongoni. Ikimwagwa juu ya maji bila kufukiwa, sehemu yake hupotea kama gesi ya amonia.