Nilimcheka Jumong, kumbe ananisubiri Tumati!

Msomaji wangu, kuna watu hawali bamia, kuna watu hawataki kuisikia Yanga, na mimi nilikuwa sitaki kuona picha za Kikorea. Zile za wafalme wa kale ndiyo usiniambie kabisa! Wanaume wazima wamefunga nywele utosini kama nanasi, kila baada ya dakika tano machozi, halafu mtu anaruka ukuta utadhani ana mabawa. Mama watoto akiwasha tu, mimi huyoo kijiweni.

Na si kwamba nilikuwa mgeni wa picha za nje. Nimekulia kwenye vibanda umiza, Bruce Lee na Amitabh Bachchan nawajua kama majirani, na sauti ya marehemu Lufufu akitutafsiria kwa Kiswahili bado iko masikioni. Hata mwaka 2011 TBC ilipotuletea Mao Doudou na wakwe zake, Wachina wanaomwaga Kiswahili, niliangalia. Ila Mkorea na upanga? Hapana, mshikaji.

Basi bwana, Julai 2023 nikafunga safari kwenda kwetu Tumati, wilaya ya Mbulu. Usipime baridi ya kule mwezi wa saba, koti unalala nalo. Sikwenda kutalii. Tangu mzee wetu afariki mwaka 2019, mimi na kaka yangu mkubwa tulikuwa hatuongei. Yeye alibaki nyumbani analima, mimi niko Dar nadai fungu langu la shamba. Safari hii nilikuja na makaratasi yangu ndani ya bahasha, nimekasirika tayari tangu Babati.

Usiku wa kwanza tukala kimya. Baada ya ugali, mtoto wa kaka akachomeka flashi kwenye kiluninga chao cha sola. Nikajua ni muziki. Kumbe Jumong! Nikatazama mlango: nje giza, baridi, kijiwe hakuna. Nikajikunyata kwenye kigoda upande huu, kaka upande ule, bibi yetu katikati na blanketi lake. Kwetu bibi tunamwita Aama.

Kwa ambao mnajifanya hamumjui, Jumong ilirushwa na MBC ya Korea kuanzia Mei 2006 mpaka Machi 2007, sehemu 81. Steringi wake ni Song Il-gook. Inasimulia mtu anayetajwa kuanzisha ufalme wa Goguryeo mwaka 37 kabla ya Kristo, ufalme uliodumu mpaka mwaka 668. Nilichopenda, na usinicheke, ni kwamba steringi anaanza akiwa bure kabisa! Mwana wa ikulu, mwoga, mvivu, kazi yake wasichana. Ndugu zake wawili, Daeso na Youngpo, wanamtafuta wammalize. Mimi niliyezoea steringi anayeshuka kwenye picha akiwa tayari fundi wa ngumi, nikajikuta nasema, "Huyu atafikaje?"

Halafu anakutana na mfungwa kipofu gerezani. Mzee anamfundisha upanga na upinde. Kijana hajui kuwa yule ni baba yake mzazi, Haemosu, na anakuja kujua mzee ameshauawa. Jamani! Nikasingizia moshi wa kuni. Nikamchungulia kaka kwa pembeni, naye anahangaika na moshi huohuo.

Usiku wa pili vituko vikazidi. Kwenye picha kuna makuhani wanaotabiri, na kuna ndege mwenye miguu mitatu anayekaa ndani ya jua. Nikasoma kwenye simu hadithi yenyewe ya kale: mama yake Jumong alikuwa binti wa mungu wa mto, mwanga wa jua ukamfuata mpaka akapata mimba, akataga yai, akatoka Jumong. Alipokimbia maadui akakwama mtoni, samaki na kasa wakajipanga wakawa daraja. Nilitaka kumsimulia Aama, lakini Kiiraqw changu kimeota kutu. Ikabidi nimwombe kaka atafsiri. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake ya amani baada ya miaka minne.

Aama akasikiliza, akacheka. Akasema hao Wakorea basi ni ndugu zetu. Kwani sisi jua si Looa, mama yetu wa juu? Na kwenye chemchemi na mito si ndiko wanakokaa netlangw? Akamwambia mjukuu azime kwanza. Akatusimulia habari za Haymu Tipe, kiongozi wa wazee wetu walipokuwa Ma'angwatay, upande wa Kondoa: vijana wake mwenyewe walivyomteka mwanawe wakidai wapewe vita, vita ikawashinda, watu wakatawanyika mpaka kufika milima hii. Kaka anatafsiri, mimi nauliza, anatafsiri tena. Tulilala saa saba. Moyoni naona aibu: nina miaka karibu arobaini, Amitabh namjua, Haymu Tipe ndiyo kwanza nasikia!

Niliondoka Tumati bahasha sijaifungua, ila flashi nimenakili. Hapo ndipo simu zilipoanza. "Bwana mdogo, umefika ya ngapi?" "Ya thelathini na mbili." "Bado hujaona kitu!" Mama watoto akadhani nina nyumba ndogo.

Tulimaliza mwezi wa kumi. Kama hujafika mwisho, ruka aya hii. Soseono, yule mwanamke aliyeujenga ufalme pamoja na Jumong, anaona watoto wake na Yuri, mtoto wa Jumong kwa mke mwingine, watakuja kugombea kiti. Hapigani. Anachukua wanawe na watu wake, anaelekea kusini kuanza upya. Nikampigia kaka. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Bwana mdogo, njoo Desemba tupime shamba. Uje na kamba, hiyo bahasha iache hukohuko."

Desemba nilikwenda. Kamba tulishika wote wawili, yeye kichwa huku, mimi kule, Aama kakaa kivulini anatusimamia. Jioni tukaketi mbele ya kiluninga, safari hii benchi moja.

Kwa hiyo wewe unayezicheka nywele za nanasi, endelea tu. Mimi kijiweni wameshanizoea kutoniona. Mwenye picha nyingine ya Kikorea anishtue, ila iwe ndefu: kaka anasema sehemu 81 ni chache.